Rezo za simu na usalama wa pesa zetu: utafiti gani vijana wa mashariki wanaweza kufanya?

Asubuhi, sokoni Virunga kule Goma ao Kadutu kule Bukavu, mama mwenye kuuza samaki anatoa simu yake ndogo ya mabatoni. Anapiga nyota, namba kidogo, diyezi, anaandika namba yake ya siri, na pesa ya mutu mwenye alimuletea samaki imekwisha kwenda. Hakuna intaneti, hakuna simu ya bei. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money nazo ziko mikononi mwa watu. Wakati benki za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, familia nyingi zilibaki na njia moja tu ya kupokea pesa: simu.

Lakini nani anachunguza kama njia hiyo iko salama? Ukitafuta watu wenye waligundua matundu makubwa ya rezo za simu, utakuta wanatoka Berlin, Dublin ao Florida. Sisi tunatumia hizo rezo kila siku, tena kwa mambo makubwa kuliko wao, lakini wenye kuzichunguza huku ni wachache. Makala hii inaeleza kazi hiyo ni ya namna gani, mambo gani yamekwisha kugunduliwa, maswali gani yanangojea mutu wa huku, milango gani iko wazi kwa kijana mwenye anataka kuingia, na sheria inakataza nini.

Kuchunguza usalama ni kazi gani?

Watu wengi wakisikia neno "hacker" wanafikiri mwizi. Ni kweli kwamba mwizi na mutafiti wanatafuta kitu kimoja: tundu, ndiyo kusema mahali penye mashini ao programu inaweza kudanganywa. Tofauti iko katika mambo matatu. Mutafiti anafanya majaribio kwa vitu vyake mwenyewe ao vyenye alipewa ruhusa. Akipata tundu, anasimama pale pale. Haendelei kuchukua pesa wala kusoma ujumbe wa watu. Na kisha kugundua, anamujulisha mwenye kitu kwanza, anamupa muda wa kutengeneza, ndipo anaandika kwa wote.

Ni kama fundi wa kufuli. Anajua namna ya kufungua kufuli bila ufunguo, na ndiyo maana anaweza kukuambia ni kufuli gani usiweke kwenye depo yako.

Katika rezo ya simu, matundu yanaweza kuwa sehemu ine:

- katika simu yenyewe na kadi SIM;
- katika hewa, kati ya simu na antene;
- ndani ya mashini za kampuni na katika njia zenye kuunganisha kampuni moja na ingine;
- kwa mutu: muteja, mwenye kabini, ao mutumishi wa kampuni.

Yenye imekwisha kugunduliwa

*Katika hewa.* Rezo ya GSM, yenye tunaita 2G, ilianza kutumika Finland tarehe 1 mwezi wa saba 1991. Wenye kuitengeneza walifikiria zaidi mutu mwenye anataka kupiga simu bila kulipa. Kwa hiyo waliweka kwamba simu inajionyesha kwa antene kuwa ni ya kweli, lakini antene haiombwi kujionyesha kwa simu. Matokeo yake: mutu mwenye vyombo anaweza kusimamisha antene ya uongo, na simu za karibu zinaiamini. 3G ilisahihisha jambo hilo: simu na rezo vinajionyesha kila moja kwa mwenzake. Lakini simu nyingi, hata za 4G, zinakubali kurudi kwenye 2G wakati rezo ni dhaifu, na huku kwetu, ukitoka katikati ya muji, rezo ni dhaifu mara nyingi.

Tena, maneno yenye kupita hewani yanasimbwa, ndiyo kusema yanageuzwa kuwa fumbo kusudi mutu wa kando asisikie. Mwezi wa kumi na mbili 2009, mutafiti Mujerumani Karsten Nohl alionyesha, katika mukutano kule Berlin, kwamba fumbo la 2G lenye linaitwa A5/1 linaweza kufunguliwa kwa ordinateri za kawaida.

*Katika kadi SIM.* Mwaka 2013, Nohl huyo huyo alieleza jambo lingine. Yeye na wenzake walijaribu karibu kadi 1000 kwa muda wa miaka miwili. Walituma SMS ya siri, ile yenye mwenye simu haioni, wakijifanya ni kampuni ya simu. Kadi zingine zilikataa, lakini katika jibu la kukataa ziliweka alama yenye ilitengenezwa kwa ufunguo wao wa zamani wa DES. Kwa alama hiyo, ordinateri ya kawaida ilipata ufunguo kwa dakika chache, na mwenye ufunguo anaweza kutuma programu yake ndani ya kadi. Walikadiria kwamba simu hata milioni 750 duniani zingeweza kuwa katika hatari hiyo. Walijulisha makampuni kabla ya kutangaza, na makampuni yakaanza kuzuia SMS za namna hiyo. Mwaka 2019, kampuni AdaptiveMobile Security ya Ireland ilitangaza tundu lingine, Simjacker, lenye pia linapita kwa SMS na programu ndogo ya zamani ndani ya kadi SIM.

*Katika njia za makampuni.* Wakati unapiga simu kutoka rezo moja kwenda ingine, ao ukisafiri na kadi yako inchi ingine, makampuni yanasemezana kwa kutumia kanuni zenye zinaitwa SS7. Zilitengenezwa katika miaka ya 1970, wakati kampuni za simu zilikuwa chache na zilikuwa zinaaminiana. Leo milango ya kuingia humo ni mingi. Mwisho wa mwaka 2014, Nohl na Tobias Engel walionyesha kule Hamburg kwamba mutu mwenye ameingia katika SS7 anaweza kujua simu iko wapi, na kuchukua SMS za mutu mwingine. Haikukaa maneno tu: mwanzo wa 2017, wezi walitumia njia hiyo kule Ujerumani, wakakamata SMS zenye namba za kuhakikisha za benki, wakatoa pesa kwenye konti za watu.

*Katika programu za pesa.* Mwaka 2015, watafiti wa chuo kikuu cha Florida walichunguza programu za Android za kutuma pesa katika inchi zenye watu wengi hawana benki. Walipitisha programu 46 katika mashini ya kuchunguza, kisha wakasoma 7 kwa mukono, mustari kwa mustari. Karibu zote 7 zilikuwa na makosa makubwa: zingine hazikuhakikisha kama zinaongea na serveri ya kweli, zingine zilitumia fumbo lenye mutengenezaji alijitungia mwenyewe. Na wakasoma pia mikataba ya wateja: mara nyingi, pesa ikiibwa, hasara ni ya muteja. Walirudia uchunguzi kisha mwaka moja, wakakuta matundu mengi hayajazibwa.

Angalia vizuri jambo moja katika hizo habari zote. Hazikufanywa na majeshi ya watu. Ni watu wawili, watatu, kumi, wenye ordinateri, kadi SIM za bei ndogo, na uvumilivu wa miezi mingi.

Maswali yenye yanangojea mutu wa huku

Mutafiti wa Berlin hajui namna mama wa Uvira anamupa mwenye kabini simu yake. Hajui SMS za uongo za Bunia zinaandikwa kwa luga gani. Ndiyo maana kuko maswali yenye mutu wa huku ana nafasi nzuri ya kuyajibu kuliko mugeni. Tunataja sita, kuanzia yale yenye hayaombi vyombo.

*1. Namba ya siri na kabini.* Tunaona kila siku: mutu mwenye hajui kusoma vizuri anamutajia mwenye kabini namba yake ya siri kwa sauti, mbele ya watu. Namba yenyewe inapita kwa USSD, ile njia ya nyota na diyezi. Ikifika kwa mashini za kampuni inakuwa wazi, haiko na fumbo kutoka mwanzo mpaka mwisho kama ujumbe wa WhatsApp. Ni watu wangapi kwa mia wanataja namba yao? Wanawake na wazee wako katika hali moja na vijana? Kama menyu ingekuwa na sauti kwa Kiswahili, Mashi ao Kinande, wangepunguka? Huo ni utafiti wa kweli, na unaomba kalamu, karatasi na adabu ya kuuliza bila kuandika namba ya siri ya mutu.

*2. SMS na simu za matapeli.* "Nimekutumia pesa kwa makosa, unirudishie." "Umeshinda, tuma kwanza pesa ya kutoa zawadi." Kila mutu amepokea. Kuko programu zenye zinaweza kujifunza kutambua SMS ya uongo, lakini zinaomba mifano mingi yenye imeandikwa kwa luga ya watu wenyewe. Kiswahili cha Goma, chenye kuchanganya Kifaransa, si kile cha Dar es Salaam. Kijana mwenye atakusanya SMS hizo kwa ruhusa ya wenye kuzipokea, afute majina na namba, azipange, atakuwa ametengeneza kitu chenye watafiti wengine watatumia. Kuko kundi la Masakhane, lenye linaunganisha watafiti wa luga za Afrika, na linakaribisha watu wenye hawana diplome kubwa.

*3. Simu za okazyo.* Simu nyingi sokoni zilitumiwa kwanza inchi ingine. Zingine ziko na Android ya zamani yenye haipokee tena marekebisho ya usalama. Mutu anaweza kwenda kwa wauzaji na mafundi wenye wamekubali, akaandika aina ya simu, namba ya Android, na tarehe ya marekebisho ya mwisho. Simu 200 zinatosha kutoa picha ya muji, na picha hiyo inaweza kufikishwa kwa wauzaji, kwa radio na kwa serikali.

*4. Programu za Android.* Shirika OWASP linatoa bure kitabu cha kueleza namna ya kupima usalama wa programu ya simu, hatua kwa hatua. Ukiwa na simu yako, konti yako na ordinateri moja, unaweza kuangalia programu inahifadhi nini ndani ya simu, inaomba ruhusa gani, na inatuma nini kwa nani. Lakini kwa programu ya pesa, usome kwanza kama kampuni imeruhusu majaribio. Kutazama simu yako ni jambo moja. Kugongagonga serveri ya kampuni ni jambo lingine, na tutarudia hapo chini.

*5. Kupima intaneti yenyewe.* Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na SMS nazo. Ilirudi kisha karibu wiki tatu. Mambo ya namna hiyo yanapimwa na kuandikwa na mradi wa OONI, wenye ulianza 2012. Programu yake, OONI Probe, ni ya bure. Inajaribu kama tovuti na programu za ujumbe zinafunguka, kisha inaweka matokeo wazi kwa wote. Mwanafunzi wa Kisangani ao Butembo anaweza kuchukua matokeo yenye yamekwisha kukusanywa, bila yeye mwenyewe kupima chochote, na kuandika historia ya kukatika kwa rezo katika provense yake. OONI wenyewe wanaonya kwamba katika inchi zingine kutumia programu hiyo kunaweza kumuletea mutu mashaka, kwa hiyo soma onyo lao kwanza.

*6. Rezo za jamii.* Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, kulianzishwa rezo ya jamii yenye inaitwa Pamoja Net, kusudi wakaaji wapate intaneti mahali makampuni makubwa hayakuona faida. Rezo za namna hiyo ziko na maswali yao: nani anashika neno la siri la mashini? Watu mia wakitumia Wi-Fi moja, mumoja anaweza kuona ya mwingine? Hapa mutafiti anaweza kupewa ruhusa kwa urahisi, sababu wenye rezo ni majirani wake.

Kuko swali la saba, lenye vijana wengi wanapenda: kutafuta antene za uongo. Mwaka 2025, shirika EFF la Marekani lilitoa Rayhunter, programu ya bure yenye kuwekwa ndani ya kifaa kidogo cha intaneti cha bei ndogo na kutoa onyo kama antene ya karibu inafanya mambo ya ajabu. Ni kazi nzuri. Lakini katika provense zenye vita, mutu mwenye kutembea na vifaa vya kupima rezo anaweza kuchukuliwa kuwa mupelelezi, na hakuna TFC yenye inafaa kufungwa ao kuuawa. Kama hauko na chuo kikuu nyuma yako, na barua zenye muhuri, uache hiyo kwa sasa.

Milango yenye iko wazi

*TFC na memwari.* Kila mwaka, wanafunzi wa informatike wa ISIG, ULPGL na vyuo vingine vya mashariki wanaandika kazi za mwisho. Nyingi ni juu ya kutengeneza programu ya kusimamia depo, farmasi ao masomo. Hakuna ubaya. Lakini swali moja la hapo juu linaweza kuwa TFC, na mulango huo hauombi viza wala pesa ya safari. Ongea na profesa wako mapema: utafiti wa kuhoji watu na wa kupima unaomba muda kuliko kuandika programu.

*Kujifunza kwa Kifaransa.* Sehemu kubwa ya elimu hii iko kwa Kiingereza, na hilo linawavunja moyo vijana wetu. Lakini Root-Me iko na mazoezi mengi ya bure kwa Kifaransa, kutoka rahisi mpaka magumu, yenye kufanywa kwa mashini zenye ziliwekwa kwa ajili hiyo. YesWeHack, kampuni ya Ufaransa yenye ilianza 2015, nayo iko na sehemu ya mazoezi ya bure yenye inaitwa Dojo. Kwa wenye wanataka kuelewa rezo ya simu kutoka ndani, mradi wa Osmocom unatoa programu huru za GSM: mutu anaweza kusoma namna ujumbe unatembea, hata bila kuwasha antene.

*Zawadi kwa mwenye kugundua tundu.* Google, Meta na makampuni mengine yanalipa watu wenye kuwajulisha matundu. HackerOne na YesWeHack wanaunganisha watafiti na makampuni yenye yamekubali kujaribiwa, na kila kampuni inaandika wazi kitu gani kinaruhusiwa kuguswa. Tuseme ukweli: mwenye analipwa ni wa kwanza kuleta habari, na vijana wengi wanakaa miezi bila kupata kitu. Usiache shule ao kazi kwa kungojea hiyo. Uulize pia mapema utalipwa kwa njia gani, sababu si kila njia ya malipo inafika Kongo.

*Umoja wa makampuni ya simu.* GSMA, yenye inaunganisha makampuni ya simu ya dunia, iko na mupango tangu 2017 wa kupokea habari za matundu yenye yanagusa makampuni mengi kwa mara moja. Hailipi, lakini inaandika jina la mutafiti katika orodha ya heshima, na jina hilo linaweza kufungua mulango wa masomo ao kazi. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa lenye kusimamia mambo ya simu, nalo limetoa bure ripoti juu ya usalama wa SS7, USSD na pesa za simu. Mwenye kutafuta swali la memwari asome hizo kwanza.

*Masomo ya juu.* Carnegie Mellon University Africa, kule Kigali, inafundisha masters za informatike na uhandisi, na iko na kundi la CyLab-Africa lenye linachunguza usalama wa mitandao ya Afrika. Mastercard Foundation inasaidia kulipia wanafunzi humo. Masomo ni kwa Kiingereza. Kule Juja, karibu na Nairobi, chuo cha Umoja wa Afrika chenye kuitwa PAUSTI kinatoa masters na doktora, pamoja na uhandisi wa umeme, kwa burse yenye iko wazi kwa raia wa inchi zote za Umoja wa Afrika.

Hapa tunaweka onyo. Matapeli wanapenda vijana wenye kutafuta burse. Mutu akikuambia "umechaguliwa, tuma dola 30 kwa simu kusudi tufungue dosye yako", hata kama ameweka alama ya chuo kikuu, usitume. Ingia mwenyewe katika tovuti ya chuo, usipite kwa kiungo chenye alikutumia.

Sheria inasema nini

Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Kongo iko na Code du numérique (Ordonnance-loi namba 23/010). Sheria hiyo inaazibu mutu mwenye anaingia bila ruhusa katika mashini ao mutandao wa mwingine, na inalinda habari za watu. Kwa hiyo kusema "nilitaka tu kuwasaidia" haikukingi. Sheria ya simu namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 inasimamia rezo na frekanse, na ARPTC ndiyo inatoa ruhusa. Kuwasha antene yako, hata ndogo, hata kwa kujifunza, bila ruhusa hiyo, ni kosa. Katika bara nzima, mukataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika juu ya usalama wa mitandao, wenye ulikubaliwa 2014, ulianza kufanya kazi tarehe 8 mwezi wa sita 2023.

Kwa lugha ya kawaida, hii ndiyo mipaka ya kutopita:

- Usijaribu kitu kwa konti, simu ao Wi-Fi ya mutu mwingine bila barua yake. Ruhusa ya mudomo haitoshi, hata kama ni rafiki.
- Usiwashe chombo chenye kutuma mawimbi bila ruhusa ya ARPTC.
- Usihifadhi majina, namba za simu ao ujumbe wa watu kupita vile utafiti unaomba, ukimaliza, ufute.
- Tembea na kadi ya mwanafunzi na barua ya chuo wakati unahoji watu. Jitambulishe kwanza kwa shefu wa avenue ao wa kartie.

Ukigundua tundu, ufanye nini?

Kwanza, simama. Usijaribu mara ya pili "kuona kama ni kweli" kwa konti ya mutu mwingine. Pili, andika: tarehe, saa, aina ya simu, hatua zenye ulifuata, na picha za skrini. Tatu, ongea na profesa wako ao mutu mwenye uzoefu, bila kuweka habari hiyo katika kundi la WhatsApp. Ine, andikia kampuni kwa njia yenye imetaja yenyewe ya kupokea habari za usalama. Kama haiko nayo, chuo kiandike barua rasmi. Tano, wape muda. Watafiti wengi duniani wanangoja siku 90 mbele ya kutangaza. Na usiombe kamwe pesa kwa kusema "msiponilipa nitatangaza". Siku hiyo unaacha kuwa mutafiti, unakuwa mwenye kutisha watu, na sheria itakuona hivyo.

Kwa makampuni ya simu pia kuko neno. Kijana mwenye anakuja na barua kusema mulango wenu hauko umefungwa vizuri, si adui. Mukimutisha na polisi, mwenye atakuja kisha yeye hatabisha hodi. Anwani moja ya e-mail ya kupokea habari hizo, na mutu moja wa kuzisoma, havilipishi sana.

Tundu la rezo halichagui mutu. Lakini kule Ulaya, mwenye pesa yake iliibwa kwa njia ya SMS yuko na benki ya kumujibu. Mama wa Kadutu, akiamuka asubuhi akakuta konti yake ni sifuri, mutaji wa samaki umeisha, na watoto hawataenda shule wiki ile. Swali la nani anachunguza njia ya pesa yake haliwezi kungoja mutu wa Berlin.

Kama uko mwanafunzi na umekwisha kuandika kazi juu ya mambo haya, iletee radio ya muji wako. Wasikilizaji ndio wenye kuhitaji kuijua, kuliko etajere ya biblioteke.